Kulabu Laini za Sikukuu

Mwezi wa tatu nyumba za Guangzhou hutoa jasho. Kuta zinachuruzika, kioo hakifutiki, sakafu inalowa kama kuna mtu kamwaga ndoo akakimbia. Ukiweka unga chini leo, kesho unakuta madonge. Ndiyo maana Swalha, mwanamke wa Unguja aliyekuwa akinunua mali huko na kupeleka nyumbani, alitundika chakula chote cha futari juu kibarazani, kwenye bomba la kuanikia nguo. Mchele, unga, sukari, tende, vyote ndani ya fuko moja kubwa la kufungia mizigo. Na kilicholishika fuko hilo ni kulabu moja nyekundu ya plastiki, sampuli yake mwenyewe, iliyobaki alipozipeleka nyingine Unguja.

Siku ya thelathini ya Ramadhani, alasiri, fuko likaanguka.

Swalha alikuwa amejinyoosha kitandani na saumu yake. Aliyeliona kwanza ni Bernadette, Mkongomani wa Lubumbashi aliyekuwa akikaa naye chumba kimoja. Ndiyo kwanza amerudi Kangle, alikokwenda kusimamia magauni yake yanayoshonwa.

"Mama Najat, kuya uone! Muchele yetu yote iko chini. Leo utafungua saumu na mchanga."

"Panya?"

"Panya gani? Ni ile kulabu yako nzuri-nzuri. Imechoka kazi."

Swalha akatoka na kanga yake begani. Akatazama mchele uliotapakaa kwenye sakafu iliyolowa, akasikitika, kisha akaiokota kulabu. Alidhani imekatika. Haikukatika. Ilikuwa nzima, ila imefunguka. Ule mviringo wake uliokuwa umejikunja kama kidole cha mtu aliyekamata kitu, sasa umenyooka, umelegea, kama kiganja cha mtu aliyepitiwa na usingizi. Na pale kwenye kiwiko, wekundu umetoka, pamekuwa peupe.

Akajaribu kuikunja irudi. Ikamkatikia mkononi, bila hata kishindo. Ndani yake mlichomoza vinywele vyeupe, vinyuzi vya kioo, vitupu kabisa, havina hata chembe ya plastiki iliyoshikamana navyo. Kama jino lililong'oka bila damu.

Hapo Swalha akausahau mchele. Maana nyingine, fuko zima, ziko Unguja kwa Dullah.

Dullah alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Kila sikukuu hutundika pembea za watoto kwenye uwanja karibu na kwao. Kamba na minyororo anayo, mabenchi anayo, lakini mwaka uliopita kulabu zake za chuma zilikuwa zimeliwa na kutu ya chumvi ya pwani mpaka zinakwaruza, na mtoto mmoja aliyezishika akachanwa kiganja. Swalha ndiye aliyesema, "Shemeji, mwaka huu nitakuletea zisizoshika kutu." Na wa kwanza kupanda pembea za Dullah kila mwaka ni Najat, binti yake Swalha, mtoto wake wa pekee, aliyekuwa akilelewa na bibi yake. Asipofungua Najat pembea, hakuna anayepanda. Ndiyo desturi yao.

"Mbona umekauka?" Bernadette akauliza.

"Hizi nimempelekea Dullah. Za pembea."

Bernadette, mama wa watoto wanne, akaweka fagio chini. "Piga simu."

"Sikukuu kesho," Swalha akasema. "Jana msikitini wametangaza mwezi haukuonekana, tukamilishe thelathini. Dullah hutundika pembea alfajiri ya sikukuu, hajawahi kutundika kabla. Kesho nitampigia akingali kitandani. Kwanza nijue. Huwezi kuitukana mali yako kabla hujajua."

Alisema hivyo kwa utulivu, na mwenyewe akaamini. Lakini alikuwa na sababu nyingine iliyomkaa kooni. Kulabu hizo hakumpelekea Dullah peke yake. Nyingine zilikuwa zimeshatundikwa kwenye maduka ya Darajani. Ukisema leo mali yangu mbovu, kesho hakuna anayegusa hata sindano uliyoleta wewe.

Lakini habari za kulabu hizi hazikuanzia kibarazani. Zilianzia kiwandani, mwezi wa Rajabu.

Siku hiyo alikwenda na Msabaha, mtu wa Tanga, mwenye miaka mingi Guangzhou, anayewapeleka wafanyabiashara viwandani na kuwatafsiria Kichina. Kiwanda chenyewe ni ukumbi mmoja wenye joto na harufu ya plastiki iliyoungua. Laoban, yaani mwenye kiwanda, alikuwa mtu mwembamba mwenye kikombe cha chai kisichomtoka mkononi. Akawaonyesha namna kulabu zinavyopikwa. Humo ndani mna plastiki mbili, nailoni na ile plastiki ya ndoo. Zinayeyushwa pamoja, halafu zinatiwa nyuzi za kioo, fupi fupi, nyembamba kuliko unywele.

"Dada, hii ni kama nyumba ya kiambaza kwetu," Msabaha akamweleza. "Plastiki ndiyo udongo. Nyuzi ndizo fito. Udongo peke yake mvua moja umekwenda. Fito ndizo zinazobeba nyumba."

"Na hizo plastiki mbili kwa nini?"

"Nailoni ina nguvu ila inakunywa maji. Ya ndoo hainywi maji ila haina nguvu. Ukizichanganya unapata katikati. Lakini anasema hazipendani, kama mke mkubwa na mke mdogo. Kuna dawa inatiwa ya kuzipatanisha, na dawa hiyohiyo ndiyo inayozigundisha na nyuzi. Dawa ina bei yake, ni juu yako, ukitaka inatiwa, hutaki haitiwi."

Laoban akaleta kulabu mbili. Ya kwanza ya kijivu, imejaa nyuzi. Swalha akapitisha kiganja juu yake, akakitoa haraka. Imekwaruza kama papi lisilopigwa randa, na vidole vikaanza kumuwasha. Akawaza mikono ya watoto. Akamkumbuka yule aliyechanwa kiganja mwaka jana. Ya pili nyekundu, nyuzi chache, laini, inang'aa kama peremende. Hii ukimpa mtoto ataitia mdomoni.

Zikavutwa kwenye mashine. Ni mashine ndefu yenye meno mawili, la juu na la chini, yanauma kulabu huku na huku, halafu yanaachana polepole, na namba zinapanda kwenye kioo. Ile ya kijivu namba zilipanda sana, kisha bila salamu ikalia ta! na kipande kikaruka mpaka ukutani. Swalha akaruka naye. Ile nyekundu namba hazikufika huko, lakini zilitosha watoto watatu kwa pamoja, na haikukatika kwa ghafla. Ilivutika, ikarefuka kama donge la chapati, ikawa nyeupe kiwikoni, ndipo ikachanika taratibu.

"Hii ya kijivu haina huruma," Swalha akasema. "Ikikatika inakatika tu. Hii nyekundu angalau inakuaga. Nataka hii. Na nyuzi azipunguze tena kidogo, iwe laini zaidi. Na hiyo dawa yake ya kupatanisha abaki nayo."

Ilikuwa fikira ya mama, na haikuwa fikira ya kijinga. Mama gani hapendi kitu laini kwenye mkono wa mtoto?

Laoban akauliza swali. Msabaha akalitafsiri: "Anauliza zitabeba nini?"

Na hapa ndipo penyewe. Wanaofanya biashara Guangzhou wana adabu yao moja ambayo hakuna aliyeiandika lakini wote wanaijua: humwambii laoban mali inakwenda kufanya kazi gani. Ukimwambia, bei inapanda, au mwezi ujao unaikuta mali hiyohiyo kwa mwenzio. Swalha alishapatikana hivyo. Alibuni kiti cha kumwogeshea mzee, akaeleza kila kitu kwa moyo mweupe, na kabla mzigo wake haujafika Unguja, Kariakoo nzima wanacho. Akajifunza.

"Mwambie mikoba," akasema. "Mikoba na nguo. Dukani."

Msabaha akacheka, akamkonyeza, akatafsiri. Laoban akaitikia kwa kichwa: mikoba, hewala, nyekundu inatosha. Ila akaonyesha kabati moja pembeni lenye joto ndani, humo zimening'inizwa kulabu zilizobeba mawe, na bakuli la maji chini likitoa mvuke. Akasema hiyo ni imani yake yeye: kitu cha kutundika hakipimwi kwa kuvutwa mara moja, kinapimwa kwa kuachiwa mzigo kwenye joto na unyevu, uone kinachoka lini. Kama wanaweza kusubiri, aziweke humo.

"Bu xing," Swalha akamjibu mwenyewe, maana neno hilo la kukataa alilijua vizuri. Haiwezekani. Mzigo uwahi ndege kabla ya Ramadhani.

Basi. Ndivyo zilivyotengenezwa.

Sasa, kulabu iliyokatika mkononi, Swalha akampigia Msabaha, na wote watatu, Bernadette naye kwa kuwa hakutaka kumwacha peke yake, wakakutana Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla. Laoban ana kibanda huko, katikati ya wanasesere na madaftari na mapipa ya uduvi mkavu. Jua lilikuwa linashuka. Barabarani wachukuzi wanasukuma vitoroli wakipiga kelele watu wapishe, na chini ya paa la duka moja walikuwa wamesimama Waswahili wenzao, wa Kariakoo na wa Darajani, kila mmoja na chupa ya maji mkononi wakisubiri magharibi.

Laoban akaipokea kulabu. Akautazama ule weupe wa kiwikoni, akazigusa zile nyuzi tupu kwa ukucha. Wala hakushangaa.

"Anauliza ulitundika nini," Msabaha akasema.

"Mchele. Chakula."

"Kwa siku ngapi?"

"Tangu mwanzo wa Ramadhani."

Laoban akasema maneno mengi, Msabaha akiyatafsiri vipande vipande. Kwamba mkoba mtu anautundika usiku, asubuhi anauchukua, kulabu inapumzika. Wewe umeiachia mzigo siku zote, mchana na usiku, na hewa hii ya jasho. Nailoni imekunywa maji, ikishiba inalegea. Nyuzi ni chache, na hazikugundishwa, zinateleza ndani ya plastiki kama sindano kwenye siagi. Haikatiki. Inakwenda tu. Kila siku inakwenda kidogo, na wewe huioni.

Swalha akaisogelea meza. "Muulize... na ikibeba pembea, mtoto akiikalia?"

Msabaha akasita. "Dada, tutamwambia?"

"Muulize!"

Laoban aliposikia aliweka kikombe cha chai juu ya meza. Akamtazama Swalha usoni kwa mara ya kwanza, akasema neno moja kwa sauti ya kuuliza. Halikuhitaji tafsiri. Kisha akaanza kufoka, mikono inapiga hewa, mbele, nyuma, mbele, nyuma, kama kitu kinachobembea.

"Anasema pembea ni mbaya kuliko mchele," Msabaha akasema taratibu. "Inavuta na kuachia, inavuta na kuachia, na juani. Anasema ungemwambia ni ya mtoto, angekutilia nyuzi tele na dawa yake, akaifanya nene mara mbili, na chuma katikati. Au angekataa kukuuzia. Anasema ulisema mikoba."

"Nilisema mikoba," Swalha akasema.

Adhana ikalia kwenye simu ya mtu mmoja pale nje. Bernadette akamfungulia chupa ya maji akamwekea mkononi. Swalha akanywa funda moja, akatafuna nusu tende, halafu akawasha VPN kwenye simu yake. Mchana kutwa huwa ameizima, maana ikiwaka simu haimlipii hata nauli ya metro. Na bila hiyo WhatsApp ya nyumbani haifunguki. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka. Kisha simu ikaanza kutetemeka mfululizo kama ina homa.

Picha. Idi mubaraka. Picha. Idi mubaraka. Mama yake kavaa baibui jipya. Halafu Najat, gauni la kijani, hina mpaka kwenye viwiko, anacheka na pengo. Na nyuma yake, juu ya boriti, vitu vyekundu vinang'aa kama peremende.

Halafu sauti yake: "Mama! Idi mubaraka! Huku mwezi umeandama usiku, bibi kaniamsha! Nakwenda kwa ami Dullah kufungua pembea!"

Mwezi wa Unguja hauungoji wa Guangzhou. Mtoto mdogo wa kule analijua hilo, kuna mwaka mtaa mmoja unakula pilau na wa pili umefunga. Swalha alilijua tangu kuzaliwa, na siku hiyo alilisahau.

Akapiga. Kwao ilikuwa adhuhuri imeshapita. Ikaita, ikaita, ikapokewa katikati ya firimbi na kelele za watoto.

"Shemeji yangu! Idi mubaraka!"

"Dullah, pembea umeshatundika?"

"Nitundike leo? Zipo juu tangu kumi la mwisho! Nilizitundika mapema watu wazione, na mabenchi yake. Jua lao, mvua yao, hazina hata doa la kutu. Mwanamke una akili wewe!"

Swalha akaegemea ukuta. "Najat yuko wapi?"

"Yuko mbinguni huko! Sikiliza."

Na kweli akamsikia. "Juu! Juu zaidi! Ami, juu zaidi!"

"Mshushe."

"Nini?"

"Mshushe mwanangu, Dullah, mshushe sasa hivi!"

"Kwani kuna nini?"

Swalha alifungua mdomo aseme. Lakini mbele yake Msabaha alikuwa ameweka kidole mdomoni, na kwa jicho akamwonyesha wale Waswahili wenzao chini ya paa, wawili wameshageuza shingo kutazama nani anapiga kelele. Wenye maduka ya Darajani. Na huko kwa Dullah simu iko wazi, uwanja mzima unasikia. Ilikuwa pumzi moja tu ya kuchagua, na ndani ya pumzi hiyo ulimi ukafanya uliozoea kufanya.

"Nimeota vibaya," akasema. "Nimeota ndoto mbaya juu yake. Wallahi Dullah, mshushe."

Dullah akacheka. "Umeota mchana wa Idi? Wanawake nyie! Haya, ndoto ya mama haidharauliwi. Najat! Simamisheni hiyo. Najat, shuka, mama yako kaota."

Minyororo ikalia, ikatulia. Kisha sauti ndogo yenye kilio: "Mama, zamu yangu haijesha! Umeniharibia sikukuu yangu!"

"Nisamehe mwanangu. Nenda kwa bibi. Kaa kwa bibi, usiondoke."

"Sikupendi!"

"Usinipende. Nenda kwa bibi."

Dullah akarudi. "Haya, umeridhika? Kiti kisikae bure. Abdulsamad! Wewe ndiye unayefuata, panda, panda..."

Simu ikakatika.

Swalha akakaa juu ya boksi la mtu, akashika uso. "Alhamdulillahi," akasema. "Alhamdulillahi." Machozi yakamtoka kwa raha. Mwanawe yuko chini. Ardhi iko chini ya miguu yake.

Bernadette alikuwa amesimama vilevile na kifuniko cha chupa mkononi.

"Na ule mwengine?" akauliza.

"Nani?"

"Ule mwenye amepanda. Ni mutoto ya nani?"

Swalha akainua uso. Nakwambia, hakuna kofi lililopata kumpiga vile. Abdulsamad ni wa Safia, jirani yao, ukuta kwa ukuta. Umri mmoja na Najat. Walinyonyeshwa kibaraza kimoja, mama zao wakibadilishana watoto kama sahani.

Akapiga. Dullah hapokei, simu kaitia mfukoni. Akapiga. Kiduara kinazunguka. Akarekodi sauti, hajali tena nani anasikia, ingawa wale wa Darajani walikuwa wameshaondoka kusali magharibi: "Dullah kulabu mbovu! Shusha wote! Shusha watoto wote, si ndoto, kulabu ni mbovu!" Ikaonyesha alama moja tu, haijafika. Msabaha akamtolea simu yake: "Piga kwa hii, piga ya kawaida, acha mtandao." Vidole vya Swalha vikakosea namba, akaanza tena.

Ikapokewa.

Hakuna aliyesema haloo. Firimbi zilikuwa zimenyamaza. Kulikuwa na sauti ya watu wengi wanaokimbia kwenye mchanga, na mwanamke mmoja, mbali, anaita jina moja tu, anarudia, anarudia.

Abdulsamad alitoka kwenye pembea ilipofika juu kabisa. Alifikia shingo. Hakufikishwa hospitali akiwa na roho.

Na kulabu haikukatika. Hilo ndilo lililofanya mambo yawe vile yalivyokuwa. Watu walipoiokota waliiona nzima, imefunguka mdomo tu, mnyororo umechoropoka. Wakasema Dullah hakuufunga vizuri. Dullah mwenyewe akasadiki. Ile rekodi ya Swalha ilimfikia, lakini siku hiyo simu yake ilikanyagwa katika vurugu na hakuisikia kamwe. Polisi wakamhoji, wakamwachia, akarudi nyumbani akawa mtu wa kutazama mikono yake.

Swalha, akiwa hukohuko, aliagiza kulabu zote zitolewe madukani, akasema ni za kampuni nyingine, kuna makosa ya rangi. Mpaka hapo ulimi ulikuwa bado umefungwa. Mama mwenzangu, anayekwambia uongo mmoja ni mmoja, hajapata kusema uongo. Ukimwambia mwenye kiwanda mikoba, utakuja kumwambia shemeji yako ndoto, na utakuja kuwaambia wenye maduka rangi. Kitu kitakachobeba roho ya mtu, sema. Mwambie anayekitengeneza, mtoto wangu atakaa hapa. Akiiba biashara yako, na aibe.

Lakini lililomzidi Swalha halikuwa lile. Kule nyumbani ilianza habari kwamba ana ndoto za kweli. Kwamba mama yule yuko China, kafunga, siku ya thelathini, akafunuliwa. Wanawake wakawa wanakwenda kwa mama yake na majina ya watoto wao kwenye vikaratasi, mwambie Swalha atutazamie. Mama yake alimpigia kumweleza kwa fahari, sauti ya chini. Najat naye akawa haendi tena kulala bila kuuliza, "Mama, leo umeota nini?"

Siku nyingi zikapita hivyo. Jasho la kuta za Guangzhou likakauka, joto likaja. Kule Pazhou maonyesho ya biashara yalikuwa yamefunguliwa, na Swalha alikuwa amesimama kwenye foleni ya kuingia, kadi yake shingoni, VPN inawaka. Siku hizi haizimi. Simu ikalia. Safia.

Tangu msiba walikuwa wamezungumza mara moja tu, ya pole, na Safia alikuwa analia. Sasa sauti yake ilikuwa kavu na ya adabu, kama mtu aliyekuja kuazima kitu.

"Swalha, dada yangu. Hujambo?"

"Sijambo, dada. Nyinyi?"

"Tupo. Mungu anatuweka. Nina swali, nalo linanizuia usingizi. Usikasirike."

"Uliza."

"Ile ndoto yako. Ulipomwona Najat..." Sauti ikayumba, ikajishika. "Mwanangu hukumwona? Maana wao huwa pamoja siku zote. Sikulaumu, ndoto haichaguliwi. Nataka kujua tu. Hata upande wa nyuma, hata kwa mbali. Hakuwepo?"

Foleni ikasogea. Mtu wa nyuma akamgusa Swalha bega, apite au apishe. Swalha akatoka kwenye mstari, akaenda kusimama kwenye nguzo. Mkobani mwake, kwenye kimfuko kidogo, alikuwa bado anavyo vile vipande viwili vyekundu. Akavishika kwa vidole, akahisi vile vinywele vya kioo vinamchoma.

Angeweza kusema hapana, sikumwona. Safia angeshukuru, angekata simu, na mambo yangeendelea vilevile.

"Safia," akasema. "Sikuota."

"Unasemaje?"

"Sikuota kitu. Nilijua. Zile kulabu ni zangu, mimi ndiye niliyesema ziwe laini, na siku ile nilikuwa nimeshajua zitafunguka. Nikamshusha wangu."

Upande wa pili hakukuwa na kilio. Palikuwa na kuku, na mtoto wa mtu anapita akiimba, na pumzi za Safia, ndefu, moja, halafu nyingine. Swalha akabana simu sikioni kwa mikono miwili na kusubiri. Safia hakuikata simu.